Spiriti Katika Wingu Lisilo na Mvua

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea, naishi kwa dada yangu mtaa wa Area D mjini. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, kila kitu kinauzwa barabarani, nami nikajifundisha sayansi kwa majarida makuukuu ya Kiingereza niliyoyakuta kwenye meza za mitumba. Katika jarida moja nilisoma kwamba kati ya nyota kuna mawingu ya gesi na vumbi, na wataalamu wamegundua humo molekuli za aina fulani. Jina la aina hiyo, "organic", nikalitafuta kwenye kamusi, nikapata "-enye uhai". Jumapili nikasimama mbele ya vijana wenzangu wa kanisani, nikatangaza kwamba katika mawingu yale kuna viumbe hai.

Mlezi wetu wa vijana alikuwa mama wa makamo, mwalimu wa kemia katika sekondari ya jirani. Akaniita nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Eti kuna viumbe huko juu?"

"Nimesoma, mwalimu."

"Ulichosoma ni molekuli zenye kaboni. Hata petroli ni hivyo hivyo. Petroli iko hai?"

Wenzangu walisikia. Kijana mmoja wa kwaya akanifuata hadi barabarani. "Mchungaji," aliniita, "ng'ombe wako huko mawinguni unawanywesha wapi? Maana lambo la kwetu kijijini Zuzu limekauka."

Mimi ni mtu ambaye barua ikiwa na kosa moja huichana na kuiandika upya yote. Nilijifungia ndani, nikamdanganya dada kwamba tumbo linauma. Mwishowe nikaenda kwa mwalimu kuomba radhi.

"Radhi nitaifanyia nini?" alisema. "Njoo uwaeleze wanafunzi wangu ilivyo kweli. Wakielewa, kila Jumamosi nitakufungulia maabara usome vitabu. Wasipoelewa, rudi kwenye majarida yako."

Vitabu vile nilivitaka kuliko chakula. Niliandika maelezo, nikachana, nikaandika tena, na shati nikalipiga pasi mpaka dada akaninyang'anya.

Siku ilipofika, jioni baada ya masomo, nikawaambia kwamba moja ya molekuli zile ni spiriti, ile ile wanayowashia taa ya maabara. Hakuna aliyefika huko kuionja. Lakini molekuli ikizunguka ndani ya gesi hutoa mawimbi ya redio, na kila aina ina masafa yake, yaliyokwisha kupimwa hapa duniani. Wataalamu huelekeza antena kubwa kwenye wingu na kusikiliza.

Msichana wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mkisikia mlio mmoja mnasema ni spiriti? Kwa nini isiwe kitu kingine?"

Swali hilo ndilo lililokuwa limeninyima usingizi. Nikatoa redio ya dada. Ubaoni nikaandika masafa matatu ambayo idhaa moja ya Kiswahili ya ng'ambo huyatumia kwa pamoja kurusha matangazo kila jioni.

"Nikisikia mtu kwenye masafa ya kwanza, anaweza kuwa yeyote," nilisema. "Tuone."

Masafa ya kwanza: mwanamume anasoma habari. Ya pili: sauti ile ile, sentensi ile ile inaendelea. Ya tatu: mkwaruzo mtupu.

Nikazungusha kitufe kwenda, nikarudi. Mkwaruzo.

"Ng'ombe amekufa," mtu akasema nyuma, maana utani wa kanisani ulikuwa umefika hadi shuleni; wakacheka.

Ulimi ulikuwa tayari kusema kwamba mawili yanatosha. Lakini hayatoshi, maana molekuli ni nyingi na masafa yao yamebanana. Mawili yanaweza kulingana kwa bahati tu. Nikatazama juu, nikaona paa la bati, ambalo hudhoofisha mawimbi. Nikabeba redio nikatoka nayo uwanjani, darasa zima nyuma yangu, upepo ukitupiga vumbi machoni. Nikavuta antena yote. Nikazungusha taratibu.

Akaja. Mtu yule yule, katikati ya habari ya bei ya kahawa.

Walipiga kelele kama goli limeingia. Msichana yule hakupiga kelele. Alinipokonya redio, akarudi masafa ya kwanza, ya pili, ya tatu, akisikiliza amekunja uso.

"Basi ni yeye," alisema.

"Ndiyo. Na spiriti nayo waliitambua hivyo hivyo. Ilisikika kwenye masafa yake moja baada ya jingine."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, chaki mkononi.

"Jumamosi uwahi," aliniambia. "Mimi sisubiri mtu."

Tangu hapo nimefaulu mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, na sasa mimi ni msaidizi wa maabara katika shule ile.