Farasi Anayedai Salamu

Mungu alipoumba farasi hakuwa anafikiria Kisangani. Hapa alileta mbung'o kwanza, na joto, na matope ya kumeza buti. Halafu tonton wangu mmoja, ndugu ya papa yangu, akafa, akaniachia farasi wanne na zizi bovu kule Simi-Simi. Watu wa mtaa walinipa pole mara mbili: moja ya tonton, moja ya farasi. Ndipo nikaanza kufundisha watoto kupanda, maana farasi anakula hata kama huna la kufanya naye.

Bon, uwanja hatuna. Mazoezi tunafanya barabarani, na katika mji huu huwezi kumpita mtu mzima bila kumsalimia eti kwa sababu uko juu ya mnyama. Atakusema hadi kwenye matanga yako. Kwa hiyo wanafunzi wangu walisimama kwa kila mama muuza kwanga ya muhogo, kwa kila papa aliyeweka kiti mbele ya mlango: jambo mama, jambo papa, habari ya nyumba. Farasi wakazoea. Jike wa kahawia alizoea kupita kiasi. Akimwona mtu karibu anasimama mwenyewe, na haondoki mpaka salamu itolewe na ijibiwe. Mimi nilicheka tu, nikaona ni adabu.

Aliyempanda siku zote alikuwa binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko. Papa yake alitaka ajifunze kushona. Alimwambia farasi ni mambo ya wanajeshi, achague: farasi ao nyumba yake. Binti, kichwa ngumu, akabeba nguo zake akaenda kukaa kwa shangazi. Tangu hapo hawakusemeshana. Sokoni walipishana kama watu wasiojuana. Mbele yangu alijifanya hajali, lakini zaidi ya mara moja nilimkuta zizini amekumbatia shingo ya yule jike, analia anataka kurudi kwao. Na mimi, mwenye mdomo usiofungwa, nilichukua ufagio nikafagia zizi.

Ikaja siku ya mashindano ya kuruka vikwazo, kwenye kiwanja cha upande wa Bangboka. Wengine walikuja na kofia zinazong'aa. Sisi tulikuja na buti za mvua. Shangazi alikuwa amemburuta yule papa hadi kwenye kamba ya watazamaji. Akasimama pale, mikono kifuani, uso umefungwa.

Binti alianza vizuri. Kikwazo cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Nikaanza kujisifu kwa jirani yangu. Kumbe kona inayofuata inapita karibu kabisa na kamba, na jike akaona mtu. Akasimama mbele ya papa.

Binti akampiga visigino. Wapi! Saa ya waamuzi inakwenda. Nilimtukana yule mnyama kwa Lingala, maana Kiswahili hakinitoshi kwa matusi. Binti anatazama masikio ya farasi, papa anatazama viatu vyake, kiwanja kizima kinawatazama wao. Binti akainua uso.

"Jambo, papa," akasema.

Papa akazidi kutazama viatu vyake. Nilitaka kuvuka kamba nimchape mimi mwenyewe. Jike naye akangoja.

"Jambo, mutoto yangu," akajibu mwishowe.

Jike akaondoka palepale, akaruka kikwazo cha mbele kwa raha zake. Lakini kengele ya muda ilikuwa imeshalia. Mwamuzi akatangaza kwamba tumetolewa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikubishana na mtu.

Papa alipita chini ya kamba, akawafuata hadi kwenye njia ya kutokea. Akashika hatamu kwa woga, mkono mbali na meno.

"Shuka. Mama yako alishapika. Twende ku nyumba."

Binti akashuka, akamwangukia kifuani analia. Papa alimpigapiga mgongo, halafu akamgeukia jike na kumtazama kuanzia kwato hadi masikio.

"Na huyu," akaniuliza, "anakulaka nini?"

"Majani, papa," nikamwambia, "na salamu."