Pilipili Chini ya Mikorosho ya Shemeji

Siku mama alipoamua kumwachisha ziwa mdogo wangu wa kike, mimi ndiye niliyetumwa pilipili. Nyuma ya choo chetu paliota kichaka cha pilipili kichaa, zile ndogo kama kucha ya paka, na hakuna mtu aliyekipanda. Ndege walikula huko walikokula, wakaja wakatua kwenye makuti ya choo, wakafanya yao, pilipili ikaota. Nikachuma kiganja kimoja. Mama akazitwanga, akajipaka, akamwita mtoto. Mdogo wangu akanyonya. Akalia, akanyonya tena huku analia, kamasi zinamtoka, macho mekundu, na haachi. Bibi akasema huyu akipata mume atamganda hivi hivi. Wanawake wakacheka. Mimi nikaenda zangu kucheza, nikajifikicha macho kwa mkono ule ule, nikashinda kwenye mtungi wa maji napiga mayowe, na hakuna aliyekuja kuniuliza kwa sababu wote walikuwa wanamtazama mtoto.

Sina sababu kubwa ya kuanzia huko, ila mtu akinitajia pilipili, hata hii ya cheti, kwanza namwona mdogo wangu na kamasi zake. Shule niliishia darasa la nne, kupanga maneno kwa mstari sikufika. Naandika kama ninavyoongea, na kuongea kwenyewe siku hizi kunanichosha.

Wakati ule pilipili haikuwa zao. Zao lilikuwa korosho, na chakula kilikuwa muhogo. Pilipili uliomba kwa jirani, na jirani alikuonyesha kwa kidevu tu, zunguka nyuma kachume.

Bibi hakukosea sana. Mdogo wangu alikua, akampata Mmakua mmoja aliyetoka upande wa Masasi kuja kupuliza dawa mikorosho ya watu. Alikuja kwa msimu mmoja. Mdogo wangu akamganda, na msimu ukaisha, mwingine ukaja, yule bwana bado yupo. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Ardhi ni ya upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Mjomba wetu alipofariki, msemaji nikawa mimi. Mgeni akioa hupewa pa kulima, ila ardhi yenyewe hapewi. Mti, lakini, ni wa aliyeupanda. Hilo halina kikao. Uhame, ufe, mke akuache, mkorosho ulioupanda ni wako na wanao, na mwenye ardhi anaweza kulima chini yake kunde zake au muhogo wake, mradi asiuguse mti. Watu wameishi hivyo bila kugombana, au wanagombana kidogo wakati wa kuokota korosho, halafu inapita.

Basi shemeji akapanda. Alikwenda Naliendele, kwa watafiti wa korosho, akarudi na miche ya kisasa juu ya baiskeli, ameifunga kama mgonjwa, akichimba shimo analisimamia mwenyewe, hataki mtu atie mkono. Nilikuwa namwambia, shemeji, kwenu Masasi mnapanda mawe, huu udongo utakushinda. Naye ananijibu, nyie wa pwani mmelala chini ya mnazi mnangoja nazi ijikune yenyewe. Huo ndio ulikuwa utani wetu. Asubuhi tukikutana, kabla ya salamu, kwanza tunatukanana. Siku mdogo wangu alipofariki, Mungu amrehemu, watu wamejaa uani, shemeji amekaa mkekani kama gunia, nikamwendea nikamwambia sasa huna wa kukupikia, utakula hayo mawe yenu. Alicheka akalia hapo hapo. Wageni waliona vibaya. Kwetu shemeji asipokutania msibani ndiyo kakutupa.

Tulidhani baada ya arobaini atarudi kwao. Watoto wake, wapwa zangu, walishahamia Dar. Hakurudi. Alisema mti haubebeki kichwani. Akabaki na mikorosho yake, kila asubuhi anafagia chini yake kama anafagia uani.

Sasa nirudi kwenye pilipili. Walikuja watu wa mnunuzi mmoja, wakasema pilipili kichaa ya kwetu inatakiwa ng'ambo, isipokuwa watu wa huko hawali kitu bila kujua kililimwaje. Tukaunda kikundi. Tukapata mwenyekiti, kijana mwenye pikipiki. Tukafundishwa. Dawa marufuku, kuchoma majani shambani marufuku, kuanika chini marufuku, lazima kichanja. Wazee tukatazamana. Pilipili nani aliwahi kuipuliza dawa? Hata mbuzi haigusi. Tukaona hiki cheti tumezaliwa nacho.

Cheti chenyewe hatujakishika, tulionyeshwa kwenye simu. Ni kimoja kwa kikundi kizima. Pilipili zote zinamwagwa pamoja ghalani, na zikipimwa huko zikakutwa na dawa hawaulizi ni za nani, wanaukataa mzigo wote. Kijiji cha jirani walishakataliwa. Kwa hiyo kila mtu akawa mlinzi wa mwenzake. Watu waliokuwa wanapita shambani kwako kukusabahi sasa wanapita kunusa.

Na pilipili zangu nilizipanda wapi? Chini ya mikorosho ya shemeji. Zinapenda kivuli chepesi, na pale udongo ulikuwa umefagiliwa vizuri. Aliniruhusu? Hakuna cha kuruhusu. Udongo wangu, miti yake.

Mkaguzi alikuwa dada mmoja wa Kilimanjaro, mpole, amevaa buti. Alitupa shikamoo wote wawili, akauliza nani mwenye shamba.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema shemeji.

Yule dada akatutazama. Shemeji akamwambia, "Huyu ana udongo, mama. Ukiinua kichwa, vyote unavyoviona ni vyangu."

"Na nikiinamisha?"

"Ukiinamisha utakuta pilipili zake, na miguu yake, hainawi toka Ramadhani."

Akacheka, yule dada, lakini hakuandika. Akatueleza taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa. Mikorosho isipopulizwa inashikwa na ubwiri, ule ugonjwa wa maua, anajua, hata ofisini kwao wanajua. Lakini dawa ya juu inashuka chini. Shamba ni moja, haliwezi kuwa safi nusu. Ama pilipili zing'olewe, ama mikorosho isipulizwe.

Kikao kikaitishwa. Nimechoka na neno hilo. Mwenyekiti akasema pilipili zangu zikitoka, mzigo hautatosha na mnunuzi atahamia kwingine, kwa hiyo kijiji kizima kinanitegemea mimi. Kisha wote wakaacha kunitazama mimi wakamtazama shemeji. Hakuna aliyemwomba kwa mdomo. Yeye mwenyewe akasimama akasema msimu huu hapulizi. Akaongeza kwamba anafanya hivyo kwa kumwonea huruma shemeji yake, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa na kitu kinachotakiwa na mtu yeyote. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mwenyekiti akafunga kwa dua.

Msimu ukaja. Mikorosho ikatoa maua, na maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, kisha yakakauka meusi. Asiyelima korosho hajui hilo ni kitu gani. Unasimama chini ya mti mkubwa, mzima, majani ya kijani, na juu hakuna kitu. Shemeji akawa anabeba mashine yake ya mgongoni kwenda kupuliza ya watu wengine, mpaka kule karibu na Madimba. Mashine hairuhusiwi kuingia shambani kwetu, inalala kwa jirani ng'ambo ya njia. Nguo za kazi nazo haziruhusiwi. Kwa hiyo jioni anavua pale mpakani, anajifunga kanga ya marehemu mkewe, anaingia kwake hivyo. Mara ya kwanza nilimtania sana. Nilimwita bi harusi. Naye alizungusha kiuno njia nzima.

Nilidhani ni msimu mmoja. Naye alidhani hivyo, nadhani. Lakini udongo ulioguswa dawa unahesabiwa mgonjwa kwa miaka, kila mwaka wanakuja kuupima moyo. Msimu wa pili hakupuliza. Wa tatu hakuna hata aliyemuuliza, ilishakuwa kawaida. Kanga ile ikachakaa, akajifunga taulo. Nikimtania ananijibu, ila jibu linakuja limechelewa, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Asubuhi bado anafagia. Nilimuuliza unafagia nini, hakuna kinachoanguka. Akasema majani.

Pilipili zilikwenda. Siwezi kusema hazikwenda. Mabati yameonekana kijijini, na mwenyekiti amebadilisha pikipiki. Mimi mgongo umepinda kwa kuchuma, maana zile huchumi kwa mkupuo, unachuma moja moja, ukimaliza mstari za mwanzo zimeiva tena. Usiku vidole vinawaka. Sikuwa na nguvu ya kufikiria ya mtu mwingine.

Mwaka jana yule dada alirudi. Safari hii alikuja na simu ya kupimia, akatembea mpaka wote wa shamba, sisi nyuma yake, mimi, shemeji na mwenyekiti. Kwenye simu shamba likatokea, umbo kama jani la muhogo lililoliwa na mbuzi. Akaniambia nimesajiliwa mwenye shamba, kwa kuwa zao linalokaguliwa ni langu. Nikaitikia. Akaendelea kubonyeza, akafurahi, akasema tumepata sifa nzuri upande wa mazingira.

"Kwa sababu ya miti ya kivuli," akasema.

"Miti ipi?" akauliza shemeji.

"Hii, baba."

"Hii ni mikorosho."

"Ndiyo, baba. Lakini haipulizwi wala haivunwi. Kwenye ukaguzi hatuwezi kuiita zao. Inaingia kama kivuli."

Alisema kwa adabu, na sidhani alikuwa na ubaya wowote. Angeandika nini? Mwenyekiti ndiye aliyeongeza kwamba kivuli chenyewe kimezidi, pilipili za katikati hazipati jua, kwa hiyo kikundi kitakuja wiki hiyo na mapanga kupunguza matawi ya chini, kazi ya pamoja, hakuna atakayechoka.

Shemeji akanitazama. Msemaji wa ardhi ni mimi, na hapo neno lilikuwa langu. Nilijua anachongoja. Ningesema mti wa mtu hauguswi na mwenyewe apulize akitaka, yangeisha palepale, na pilipili zingeisha nazo, na kijiji kingenilaani mpaka kaburini. Au ningemtania, ningesema lolote, Mmakua amekuwa mwavuli. Hilo nalo lingetosha kwa siku ile. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimechuma tangu alfajiri.

"Shemeji," akasema, "hiki ni kivuli?"

"Ni maneno ya kuandika tu, shemeji," nikamwambia.

"Haya."

Hakutukana mawe wala minazi. Alisema haya, kama anavyosema mtu kwa karani. Akaenda nyumbani kwake, akatoka amevaa suruali ya safari na shati, akatupita pale tuliposimama akamuaga yule dada vizuri, kazi njema mama. Akavuka njia kwenda kwa jirani. Nilidhani anaifuata mashine, kuna mtu upande wa Nanyamba alikuwa anamngoja ampulizie, na nikaona ni vizuri, akirudi jioni hasira zitakuwa zimepoa. Mwenyekiti akaendelea kunionyesha matawi gani yakatwe.

Jirani anasema aliichukua mashine, akaifuta vumbi, akaivaa mgongoni, akashika njia ya barabarani. Hakurudi.