Kioo Ubavuni mwa Daraja

Kwa siku tisa baada ya daraja kuanguka sikulala vizuri, na kilichoniweka macho hakikuwa daraja lenyewe. Kilikuwa kipande cha kioo, urefu wake kama kiganja, nilichokibandika kwa mkono wangu juu ya ufa. Nilitaka kujua kilipasuka lini, kabla ya kupakwa chokaa au baada. Kama ni kabla, basi chokaa ilifunika habari iliyokwisha kufika. Kama ni baada, ilifunika habari iliyokuwa njiani. Nililala chali chumbani kwetu Kikwajuni, mjini, nikiligeuza swali hilo upande huu na upande ule, kama mtu anayechagua muhogo sokoni.

Asubuhi ya tatu mama aliniuliza kama nina mchumba.

"Sina."

"Basi kinachokugeuzageuza usiku kucha nini?"

"Kioo."

"Ushakuwa mzuri, mwanangu. Lala."

Daraja lilikuwa dogo. Lilivuka kijito kwenye njia ya Mkokotoni, kijito ambacho kiangazi unakiruka na masika hata gari haliingii. Lilijengwa kwa zege wakati wa Mwingereza, na kwa miaka mingi hakuna aliyelitazama, maana daraja likifanya kazi yake halitazamwi. Ofisini kwetu, idara ya barabara, faili lake lilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mchoro ulioliwa na mchwa upande wa vipimo. Ya pili ilikuwa barua ya kuulizia mchoro huo uko wapi.

Historia iliyobaki niliipata kwa fundi mkuu wa kikosi chetu. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha pale pale darajani, na baba yake alikuwa mmoja wa vibarua waliomwaga zege la daraja lile. Nilipoajiriwa, msichana mwenye shahada ya ujenzi na mkataba wa mwaka mmoja, yeye ndiye niliyepewa nifuatane naye. Kwenye karatasi mimi nilikuwa juu yake. Barabarani nilimwamkia shikamoo na kumbebea chupa ya chai.

"Mchanga waliuchota pwani," aliniambia siku ya kwanza, tumesimama chini ya daraja, maji yakitufika vifundoni. "Mzungu aliagiza mchanga wa shimoni, gari haikutokea, na siku ya kumwaga zege ishatangazwa. Punda walikuwepo. Pwani ilikuwepo."

"Waliukosha?"

"Kwa maji gani? Ya kisimani yalikuwa ya kunywa."

"Kwa hiyo chumvi imo ndani tangu siku ile."

"Imo. Lakini marehemu baba akisema zege ni kama papa, bila chumvi halikai."

Sikucheka. Chuoni tulifundishwa kwamba chumvi huzila nondo polepole, kutu ikavimba ndani na kulipasua zege, na pale mbele yangu ubavuni palikuwa na ufa unaopenya ukucha. Nikapendekeza tubandike kioo. Ni njia ya zamani na rahisi. Unakishika kioo kwa saruji pande zote mbili za ufa, na kwa kuwa kioo hakivutiki, ufa ukisogea kidogo tu kinapasuka. Tulikubaliana na mkubwa wetu kwamba siku kitakapopasuka, malori yatazuiwa kupita. Fundi akawatangazia watu wa kijiji kwamba kioo kile kisiguswe. Wakatii kabisa. Walikiita hirizi ya Serikali, na mbuzi hawakuruhusiwa kujikuna upande ule.

Sasa, kijijini pale wana desturi. Kila Ramadhani, katika kumi la mwisho, wanapaka chokaa msikiti, kisha kuta za nyumba zao, kisha daraja. Wageni wa Idi kutoka mjini hupitia hapo, na haifai waone daraja chafu kabla hawajaona nyumba safi. Ofisi yetu hutoa chokaa, kwa sababu daraja ni mali ya ofisi, na hutuma mtu wa kusimamia. Mwaka huo tulitumwa mimi na fundi.

Kazi ilichelewa kuanza kwa sababu brashi zilikuwa bado msikitini. Ilipofika karibu na maghrib walikuwa wamebakisha ule upande wa kijito. Fundi alikwenda kutia udhu. Mimi nilikuwa nimekalia jiwe, mkoba wenye tende na kachori miguuni, nikiisikia harufu ya kachori kupitia plastiki mbili. Kazi ile iliendeshwa na mwanamke mwenye duka mkabala na daraja, aliyelisimamia kana kwamba ni sebule yake.

"Bi Injinia," aliniita.

"Naam."

"Hii hirizi yenu tuipake au tuiruke? Tukiiruka patabaki kiraka kama ndevu za beberu."

Mimi ni mtu ambaye huandika ujumbe wa simu, akaufuta, akauandika tena, kisha akapiga simu kuomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Siku ile nilitazama jua, nikatazama mkoba, nikasema, "Pakeni tu."

Wakapaka. Palipendeza.

Idi ikaja ikaisha, masika yakaanza. Kioo kilitakiwa kukaguliwa kila wiki. Siku ya chokaa sikukitazama, na kila wiki baadaye nilijiambia nitakwenda kuikwangua ile chokaa mvua ikipungua. Mvua haikupungua. Asubuhi ya Jumatano lori la matofali lilifika katikati ya daraja, na sehemu ile ya katikati ikashuka nalo. Dereva alivunjika mkono. Waliokuwa dukani walimtoa, na jambo la kwanza aliloomba ni wamtafutie kandambili ya pili. Watoto wa skuli walikuwa wameshapita.

Watu watatu walitoka mjini kuja kuchunguza. Wakapindua vipande vya zege mpaka wakakiona kioo, kimepasuka katikati, chokaa imekifunika kama siagi kwenye mkate.

"Nani aliruhusu hiki kipakwe?" aliuliza mwenyekiti wao.

"Mimi," alisema fundi.

Nilikuwa nimeshika ncha ya utepe wa kupimia. Niliendelea kuishika.

Tuliporudi garini nilimuuliza kwa nini amesema vile.

"Mwanangu, wewe hata mwaka hujamaliza. Wakiandika jina lako humo, hakuna atakayekupa hata ukuta wa choo ujenge. Mimi nnastaafu miezi minne ijayo."

"Lakini aliyesema 'pakeni' si wewe."

"Mie ndiye mkuu wa kazi. Na nilikuwa kwenye maji ya udhu, sikusikia mtu kasema nini. Nimekuuliza?"

Hakuniuliza. Nyumbani mama alisikiliza yote, akasema mtu akipewa hupokea kwa mikono miwili. Nikajaribu kupokea. Nikajiambia kwamba tatizo halisi ni la kitaalamu, lile la kabla au baada, na kwamba nikilipatia jibu nitajua nina kosa kiasi gani. Nikachora hata mchoro wa mvua na joto. Ulikuwa mchoro mzuri.

Siku ya nane nilitumwa kijijini kupima pa kuweka daraja la muda. Niliingia dukani kununua maji. Mwenye duka aliniwekea chupa juu ya meza bila kunitazama.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Unajua wanasemaje hapa? Baba kalijenga kwa chumvi, mwana kalizika kwa chokaa. Juzi fundi kaja msikitini, mtu kamwambia uso kwa uso. Jana hakuja. Mkate ananunua kijiji cha pili siku hizi."

"Yeye kasema nini?"

"Kacheka. Fundi unamjua." Sasa akanitazama. "Mimi nilidhani sauti iliyosema 'pakeni' ilikuwa ya kike. Au masikio yangu siku ile yalikuwa na njaa?"

"Umewaambia watu hivyo?"

"Fundi kanikataza. Kaniapisha, mtu mzima, mbele ya sanduku la soda. Lakini wewe hajakuapisha."

Nililipia maji, nikasahau kuyachukua. Mtu yule angestaafu abaki kuishi hapo hapo, kwenye nyumba ya baba yake, na kila siku angevuka daraja jipya akisindikizwa na msemo ule. Mimi ningekuwa Kikwajuni na mchoro wangu wa mvua. Barabarani nililigeuza lile swali mara ya mwisho. Kama kioo kilipasuka kabla, nani alisema pakeni? Mimi. Kama kilipasuka baada? Mimi. Siku nane nilikuwa nikipima kitu ambacho majibu yake yote mawili yalikuwa jina langu.

Ripoti ya wachunguzi ilikuwa itiwe saini kesho yake. Niliandika barua mara tano. Ya kwanza ilieleza saumu. Ya pili ilieleza mchanga wa pwani, kurasa tatu, pamoja na jedwali. Ya tatu ilikuwa na neno "hata hivyo" mara saba. Ya nne ilimsifu fundi mpaka ikafanana na tanzia. Ya tano ilikuwa na sentensi nne: kwamba fundi alikataza kioo kisiguswe, kwamba alikuwa hayupo, kwamba niliulizwa mimi, nami nikasema kipakwe, kwamba baadaye sikwenda kukikagua.

Asubuhi nikaipeleka Malindi, karibu na bandari, kwenye ofisi ya mwenyekiti wa wachunguzi, ghorofa ya pili, honi ya boti ya Dar ikilia nje. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Unajua mkataba wako hautaongezwa?"

"Naam."

"Umelifikiri hili?"

"Siku tisa."

"Na fundi anajua umekuja?"

"Hajui. Angenizuia."

Alivuta ripoti, akakata jina la fundi kwa rula, akaandika langu juu yake. Nikaomba nakala ya barua yangu iliyopigwa muhuri. Alitaka kujua ya nini, nikamwambia kuna watu hawasomi ripoti. Akagonga muhuri.

Nilipanda gari ya shamba, ya njia ya Mkokotoni, saa hiyo hiyo. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa nilipofika, na watu wamejaa barazani mwa duka kama kawaida, wanaume upande mmoja na karata zao, wanawake upande wa pili wakichambua mchele. Nilitoa salamu, wakaitikia. Mwenye duka akanisogezea kreti, nikakataa kukaa kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kufikiri. Nikakunjua ile barua, nikawaambia nnaomba wanisikilize kidogo, nikaanza kuisoma kwa sauti, kutoka kwenye tarehe.