Kinu cha Mwana Mize

Mwana Mize binti Famau aliolewa na kaka yangu Athmani, akaja na kinu chake, na katika nyumba yetu ya Shela, Malindi, hakuna aliyekigusa bila idhini yake. Kilikuwa kinu kipana, cha kutwangiwa na wanawake wanne. Akiimba Mwana Mize, wengine huitikia. Kila mmoja hushusha mchi kwa zamu yake, na kiitikio kikifika huurusha juu, hupiga kofi na kuudaka kabla zamu yake haijarudi. Mchezo huo hauna mshindi. Akikosea mmoja, michi hugongana na wote wameharibu.

Kwa sababu hiyo watu wa kwetu walikuwa na desturi. Siku ya kutwanga mpunga wa harusi, wanawake wa upande wa bibi harusi huenda kwa bwana harusi, wakaketi ukumbini kama wageni wa kawaida, wakasikiliza. Nyumba isiyopatana husikika kinuni. Nimeona posa ya watu wenye majumba ya ghorofa ikivunjika hivyo, kisha ikasemwa kwamba mahari hayakutosha.

Miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani, kaka yangu alioa mke wa pili, Kahonzi, mwanamke wa Kigiriama kutoka Jilore. Alisilimu akapewa jina la Mariamu, lakini hakuna aliyelizoea, hata mwenyewe. Alikuwa mcheshi, na kwao alikua akitwanga tangu mchi unamzidi urefu.

Mwana Mize hakumtukana. Alilelewa vizuri, na wivu wake ulikuwa wa adabu. Kaka alipoleta leso mbili za aina moja kutoka dukani kwa Lakhamshi, alizilaza moja juu ya nyingine akazipima pindo kwa pindo. Samaki akipakuliwa, aliangalia kwanza kichwa kimekwenda sahani gani. Haya yote aliyavumilia. Lakini siku alipokuwa na homa, Kahonzi akaimba kinuni badala yake, na wanawake wakacheka mpaka wakasahau kuchoka. Mwana Mize aliwasikia kutoka kitandani. Alipopata nafuu aliniambia, "Wifi, mume nimemgawa kwa kuwa ni sheria. Kinu sikigawi."

Tangu hapo Kahonzi akawa mtu wa kupepeta tu.

Lali, mwana wa pekee wa Mwana Mize, alipoposa kwa watu wa Mambrui, tulijua watakuja kusikiliza, tena kwa masikio mawili, maana habari za wake wawili zilikuwa zimeshafika kwao. Nilimwambia wifi yangu amwingize Kahonzi kinuni. Nilimkumbusha kwamba baba yetu hakuwahi kurudishiwa posa, na kwamba wageni hawatauliza nani anapendwa zaidi. Akanijibu kwamba atatwanga na binamu zake wawili na jirani yetu, na yatosha.

Wageni walikuja watatu baada ya adhuhuri, mkubwa wao akiwa shangazi wa bibi harusi. Tuliwapa kahawa na halua, na Mwana Mize akaanza kuimba. Alianza vizuri. Lakini Kahonzi alikuwa pembeni na ungo wake, akiitikia kwa sauti ya chini kama mtu anayejisahau, na Mwana Mize akawa hasikii tena wenzake wa kinuni. Alimsikia huyo tu. Jicho likamwendea, mkono ukaharakisha, na wenzake wasijue wamfuate nani. Michi ikagongana. Wakaanza upya, ikagongana tena, mpunga ukamwagika mpaka miguuni mwa wageni.

Shangazi yule akaweka kikombe chini na kuikusanya leso yake. "Jua limekuwa kali," akasema. "Tutakuja siku nyingine."

Siku nyingine ya namna hiyo haina tarehe. Mwana Mize alijua kama nilivyojua mimi. Alijifuta uso, akabaki ameukumbatia mchi.

"Kahonzi," akasema bila kugeuka. "Njoo ushike mchi."

Kahonzi akaweka ungo chini. "Nisimame wapi, dada?"

"Mbele yangu. Nikuone."

"Angalia usije ukaupenda uso huu. Mmoja ameshaupenda, na tabu yake unaijua."

Mgeni mmoja akacheka, na aliyekuwa amekwisha inuka akaketi tena. Jirani akampisha Kahonzi.

Sasa jicho la Mwana Mize halikuwa na pa kwenda. Aliyekuwa akilitaabisha alikuwa mbele yake. Akaimba, Kahonzi akaitikia, michi ikapanda na makofi yakalia kama kofi moja. Hakuna aliyekubali kuchelewa mbele ya mwenzake, wala kutangulia akaonekana mwenye pupa. Binamu wawili wakajikuta wamechukuliwa katikati, wakienda tu. Mpunga ukawa mchele bila mchi kugusana na mchi.

Shangazi alitikisa kichwa kwa raha. "Nyumba hii mwasikilizana," akasema. "Na sisi tutatwanga Jumatatu. Tuazimeni huyu wa Jilore."

Mwana Mize akamjibu kabla sijafungua kinywa. "Mke mwenzangu haazimwi. Ana kinu chake hapa."

Kahonzi alimtazama, lakini mwenziwe alikuwa ameshainama kuzoa mpunga uliomwagika, akilalamika kwamba watu wa bara hawajui kupepeta.

Jioni ile samaki alipopakuliwa, Mwana Mize aliangalia kichwa kimekwenda sahani gani. Kilikuwa kwake. Akakikata nusu, akampa Kahonzi upande mmoja, naye akabaki na ule wenye nyama zaidi.