Jogoo Mwenye Haki ya Maji

Asubuhi ya mkutano wa maji ya mto nilimpitia Maman kwa gari. Si mama yangu mzazi; ni Mkongo ninayesali naye, mimi Mkenya, na kwa kuwa Kiingereza chake huishia kwenye salamu, mimi ndiye mdomo wake mbele ya maafisa. Alikuwa na mfuko mkubwa wa sokoni. Nikadhani ni mboga, nikautupa kwenye kiti cha nyuma. Kwenye taa nyekundu ya kwanza, mfuko ukawika.

"Maman, umebeba jogoo?"

"Tunaenda kuomba maji kwa watu, mwanangu. Kwetu hatuendake kuomba na mikono bure."

Na maji aliyahitaji kweli. Tangu amzike mumewe, kilichokuwa kikimtoa kitandani ni bustani ya lenga-lenga, ule mchicha wa Wakongo, nyuma ya nyumba aliyokodi nje kidogo ya mji wa Penrith, huku ughaibuni, ua unapoishia mtoni. Alimwagilia kwa pampu. Kisha korongo zuri la miamba, huko chini mto unakopita, likawekwa chini ya ulinzi wa serikali ya shirikisho: mto lazima ufike humo umejaa, watu wapige picha. Pampu ikazimwa, lenga-lenga zikanyauka, na Maman akarudia kulala mchana kutwa. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Ukumbini tulikuta maafisa wawili. Mwanamume wa serikali ya jimbo alisema maji ni ya jimbo mpaka kwenye kona ya mto. Mwanamke wa shirikisho akasema baada ya kona ni ya korongo, pamoja na yale ambayo bado hayajafika. Wakabishana juu ya maji ambayo hayajafika mpaka chai ikaletwa.

Maman akasimama. Kwanza akawapa mkono watu wote ukumbini, hata mzee aliyekuwa amesinzia. Kisha akamkabidhi yule mwanamke jogoo kwa mikono miwili. Naye, maskini, akampokea. Mtu akikupa kitu kwa mikono miwili, yako hunyooka yenyewe.

Hapo habari ya mto ikafa. Afisa haruhusiwi kupokea zawadi. Ili airudishe, sharti kwanza isajiliwe kuwa mali ya serikali, na mali ya serikali haigawiwi ovyo. Ombi la Maman likasimamishwa mpaka shauri la jogoo liamuliwe. Jogoo akapelekwa mjini Parramatta, kwenye ofisi yao yenye zulia, akawa anawika katikati ya vikao. Nilipigiwa simu kazini niulizwe anakula nini. Nikawaambia wasimzoeze biskuti, na haki ya Mungu sikuwa natania.

Mwishowe walichoka. Wakaamua hivi: jogoo ni mali ya serikali, atatunzwa na Maman, na kwa kuwa sheria inaruhusu maji ya mifugo, pampu iwashwe kwa mahitaji ya jogoo, maadamu yu hai.

Nikamtafsiria. Akauliza, "Na mboga?"

"Mboga hazimo, Maman. Ni kuku tu."

"Basi huyu kuku iko na kiu sana."

Ana kiu kwelikweli. Bakuli lake linatosha kuogeshea mtoto, huhamishwa kila siku kutoka tuta hadi tuta, na linavuja. Yule mwanamke alikuja kukagua. Akalitazama bakuli, akazitazama lenga-lenga zilizomfika kiunoni, akasema jogoo anaonekana mwenye afya. Akaondoka bila kuonja hata tonge.

Siku mchungaji alipomtembelea, Maman alimwandalia maharage, huku jogoo akipita mlangoni amenona. Mchungaji alisali jicho moja wazi. Kwao na kwetu, kumnyima mchungaji kuku ni aibu ya kukuhamisha mtaa, lakini Maman hakujali. Anachojali ni kwamba jogoo amezeeka. Anachechemea, na baridi ya Penrith haina huruma. Nimeuliza kama mwingine anaweza kushika nafasi yake, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Hawezi. Aliyesajiliwa ni huyu.

Kwa hiyo kila asubuhi, nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini, nampigia simu. Simuulizi presha wala magoti.

"Maman, amewika?"

Siku nyingine hakawii kujibu. Siku nyingine nasikia pumzi yake tu, yuko chini ya blanketi, anasikiliza.

"Ngoja," ananiambia. "Ngoja kwanza... Eeh. Amewika, mwanangu. Basi niko naamka."