Tairi Lililokula Kitanda

Juzi gari langu dogo limepata pancha pale Mtoni. Usicheke. Najua umeniona nikipita nalo: viti viwili, halina paa, limekaa chini kama kobe. Watu wanasema mzee mzima huyu anatafuta nini na gari la vijana. Mie niliyeishia darasa la pili, nisiyemlamba mtu viatu, nina malori, nina gereji, leo nishindwe kununua gari ninalolitaka? Nililinunua kwa hasira. Nimepiga magoti mchangani nafungua nati, harufu ya tope la mkondo ikanipiga puani, nikaitupa spana. Maana mahali penyewe ni pale pale.

Enzi za Mwingereza, Mtoni ilikuwa minazi na njia ya mchanga tu. Bibi aliyenilea alikuwa msokota kamba. Makumbi ya nazi tuliyafukia kwenye tope la mkondo miezi na miezi mpaka yaoze, halafu tukayafukua yananuka, tukayaponda kwa rungu, tukayaosha na kuyaanika, ndipo bibi akaanza kusokota nyuzi kwenye paja lake. Lile paja lilikuwa gumu kama ngozi ya ngoma. Asubuhi nikinywa chai ya mchaichai na muhogo wa nazi, mlio wa rungu ulikuwa umeshaanza kitambo. Na mie nilikuwaga nanuka lile tope hata nikioga, shuleni wananizibia pua. Wale walionizibia pua leo wananiomba lifti.

Mwaka ule shangazi yangu alikuwa anaolewa. Bwana harusi alikuwa seremala, akachonga matendegu na mifumbati ya kitanda, lakini kukiwamba kwa kamba lilikuwa jukumu la bibi, na bibi alijitapa mtaa mzima. Dukani ilikuwepo kamba ya katani, ile inayowasha mgongo. Akasema mwanawe halali juu ya upupu. Makumbi ya msimu mzima yakawa yameanikwa uani, laini, yanang'aa kama nywele za mahindi. Kilichobaki ni kusokota, na harusi ilikuwa inakaribia.

Alasiri moja likaja gari. Dogo, jekundu, magurudumu yana spoku, linaruka juu ya mizizi ya minazi kama panzi. Ndani yumo bwana mmoja wa Kizungu, kaptura na soksi ndefu, anawahi mjini kwenye sherehe ya wenzake. Mbele ya ua wetu tairi likalala. Tairi la akiba alikuwa ameshalitumia huko alikotoka. Akabandika kiraka, joto lile, gundi ikayeyuka kama samli. Mara na la upande wa pili nalo likalala. Akapiga pampu, akatukana, akapiga tena.

Jirani yetu fundi baiskeli akaitwa. Akalizunguka lile gari mara moja, akashika kiuno.

"Hii ni baiskeli hii," akasema, "ila imevimba."

Watu wakaangua kicheko. Bwana akawa mwekundu kuliko gari lake. Viraka vya fundi navyo havikushika. Basi yule bwana akainua macho, akaona uani kwetu.

"Wewe, mama! Ile takataka. Lete!"

Fundi baiskeli akaacha kucheka. "Bwana, ile ni kazi ya mtu. Ya harusi."

"Kazi gani? Takataka tu. Upesi!"

Mie nikakimbia, nikalalia lile fungu la makumbi, nikalikumbatia. Nilitegemea bibi achukue rungu. Unajua alifanya nini? Alikuja mwenyewe akanibandua.

"Toka, mume wangu. Mtu kaharibikiwa njiani, asaidiwe."

"Dada, na kitanda?" fundi akamuuliza kwa sauti ya chini.

Bibi akakumbatia fungu la kwanza, akawapelekea. Wakashindilia yale makumbi ndani ya matairi kama mtu anayejaza godoro, tairi la kwanza, kisha la pili, mpaka uani pakabaki mchanga mtupu. Bwana akalipiga tairi teke, likagoma kubonyea. "Mzuri sana," akasema. Alikuwa analiambia tairi. Bibi yangu hakuambiwa neno. Gari likaondoka linayumba kama mlevi, nasi tukabaki na vumbi.

Hakurudi. Yaani alirudi, baada ya wiki kadhaa, kwa magurudumu mapya, anapita kasi, anapiga honi tumpishe. Nikaokota jiwe. Bibi akanikamata mkono kwa nguvu nikaumia, na mkono wake mwingine akampungia. Mpaka leo nauona mkono ule unaopunga.

Makumbi mabichi yasingeoza kwa siku zilizobaki kabla ya harusi. Basi bibi akakifumua kitanda chake mwenyewe, kile tulicholalia mimi na yeye, akaziosha zile kamba kuukuu, nyeusi kwa mafuta ya nazi ya mwili wake, akazitumia kukiwamba kitanda cha mwanawe, nasi wawili tukahamia chini, mkekani. Siku ya harusi shangazi alipoingizwa chumbani na kukiona kitanda alizitambua kamba. Akalia. Akalia kwa kwikwi, na kina mama waliomsindikiza wakapiga vigelegele, wanasema biharusi huyu analia vizuri, kalelewa.

Leo pale pa kufukia makumbi pamemwagwa kifusi. Mlio wa rungu hakuna, kamba ni nailoni, na wasichana wa sasa hawajui paja linasokotaje uzi. Mwingereza kafungasha kaenda zake. Sina wa kumshika shati, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Nilipoanza kushika pesa, kitu cha kwanza kununua hakikuwa gari. Nilimletea bibi kitanda cha springi, kimebebwa na hamali, mtaa mzima unatazama. Nikamwambia, shikamoo bibi, leo utalala juu. Akalala usiku mmoja. Asubuhi nimemkuta chini, kwenye mkeka, kajikunja ubavuni mwa kitanda changu cha fahari.

"Usikasirike, mume wangu," akaniambia. "Mgongo umeshazoea huku."