Kidonge Kinamezwa Ole

Mimi Mwatum wa Ole wivu ninao, tena wa kweli, wala siuonei haya. Mume wangu Jecha alipomwoa Nahla wa Madungu, chakula hakikunipita kooni. Siku za zamu ya mwenzangu, nikisikia pikipiki tu nachungulia dirishani, kumbe inapita.

Basi Jecha akapimwa damu, akakutwa na homa ya ini, ile aina ya C. Wake wote wawili tukaitwa kliniki, tukapimwa, tukaonekana wazima. Daktari Thuraiya akatueleza kuwa zamani ilikuwa sindano karibu mwaka mzima, mtu anaungua homa na bado wengi hawaponi. Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, wiki kumi na mbili, na karibu wote hupona. Huenda kichwa kikamuuma na akachoka kidogo. Ila asiruke siku, wala asichanganye na dawa nyingine bila kumuuliza.

"Chupa ya vidonge ishikwe na mmoja wenu," akasema, "yule anayeamka mapema."

"Mimi!" nikaropoka, Nahla hata hajafungua mdomo.

Looh! Kila alfajiri baada ya sala, zamu iwe ya nani, Jecha yuko mlangoni kwangu. Nampa bilauri ya maji, anameza nikimtazama, kisha tunakunywa chai na kupiga soga kama tulipooana.

Nahla akalalama: "Dada Mwatum, si umpe chupa yake? Mume anachoka na njia."

"Ng'oo! Daktari kasema ikae kwangu."

Akanuna wiki nzima. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Vidonge vikaisha, na asubuhi zangu zikaisha navyo. Miezi mitatu baadaye tukaenda kupokea majibu ya damu. Njiani nilimwomba Mungu apone, na niliomba kweli, lakini kuna kipande cha roho yangu hakikuitikia amin.

"Kirusi hakionekani tena," akasema daktari. "Umepona, Mzee Jecha."

Nahla akapiga kigelegele. Mimi nikajisikia nauliza: "Hata vitamini, daktari? Ya kila asubuhi?"

Daktari akacheka, Jecha akacheka. Nahla hakucheka. Alinitazama tu.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Nahla. Alfajiri nikasikia hodi. Jecha!

"Nahla kaniambia nije ninywe chai kwako," akasema.

Nikammiminia kwa hasira. Hata kuja kwangu, sasa anatumwa na yule!